Embassy Court ya Brighton: ghorofa la ufukweni, kutu ya ndani na ugomvi wa nani alipe

Kama una flati kwenye ghorofa linalotazama bahari, iwe Kizingo, Nyali, Upanga au Msasani, kuna kisa kimoja cha Uingereza kinakuhusu kuliko unavyodhani. Ni kisa cha jengo linaitwa Embassy Court, pale Brighton, jengo ambalo miaka ya 1990 vipande vya zege vilikuwa vinamomonyoka kwenye balkoni zake, madirisha ya chuma yameliwa na kutu mpaka hayafungi, na watu wengine mjini wakawa wanasema libomolewe tu yaishe. Leo jengo limesimama na watu wanakaa. Wengi wakikihadithia hiki kisa wanaongelea usanifu wake, mi nataka tuongelee ukuta wa nje, yaani zege, nondo, madirisha, na hela, maana kwa maoni yangu kilichokaribia kuliua lile jengo haikuwa chumvi peke yake. Chumvi ilifanya kazi yake kama inavyofanya kila mahali. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni chombo cha wenye flati chenye nguvu ya kukusanya pesa na kuita fundi kabla mambo hayajaharibika.

Tuanze na jengo lenyewe. Lilikamilika 1935, ghorofa 11, flati 72, limejengwa kwa zege la nondo kwenye kona ya barabara ya Kings Road, limetazamana uso kwa uso na bahari, na jirani yake wa karibu ni Brunswick Terrace, zile nyumba nyeupe za karne ya 19 zenye nguzo ambazo ndo sura ya upande ule wa Brighton na Hove. Msanifu ni Wells Coates, Mkanada aliyezaliwa Tokyo mwaka 1895, mtu aliyesomea uinjinia kabla ya kuingia kwenye usanifu, na alikuwa ametoka tu kumaliza flati za Isokon kule Lawn Road, London, mwaka 1934. Embassy Court ilikuwa kitu kipya kabisa kwa wakati ule: balkoni ndefu zinazozunguka jengo kama mistari, vyumba vya jua upande wa bahari, madirisha makubwa ya fremu nyembamba za chuma. Vyote hivyo ndo vilivyolifanya lipendeze na vyote hivyo ndo vilivyokuja kuligharimu, kwa sababu ukiangalia kwa jicho la fundi, ni jengo lenye kingo nyingi mno zilizo wazi. Kila balkoni ina ukingo, kila ukingo una nondo karibu na uso wa zege, na kila ukingo unapigwa na upepo wa kusini magharibi uliobeba maji ya chumvi kutoka kwenye mlango bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Na zege la miaka ile liliwekwa na watu ambao hawakuwa na viwango tulivyonavyo leo vya nondo iwe ndani kiasi gani ukiwa ufukweni.

Sasa hapa lazima nieleze kidogo nini kinatokea ndani ya ukuta, maana bila hii hutaelewa kwa nini kupaka rangi hakusaidii. Zege jipya lina ualikali mkali sana, yaani kinyume cha tindikali, pH yake inapita 12, na katika hali ile chuma kinajijengea utando mwembamba unaokikinga na kutu, kwa hiyo nondo inaweza kukaa ndani miaka na miaka bila shida. Kuna mambo mawili yanayouvunja huo ulinzi. La kwanza ni hewa ya kabonidayoksaidi inayopenya taratibu kutoka nje, inashusha ualikali wa zege milimita kwa milimita, na siku mpaka wa mabadiliko hayo ukifika kwenye nondo, ulinzi umekwisha. La pili ni chumvi, yaani kloraidi, ambayo haisubiri hata ualikali ushuke, yenyewe inatoboa ule utando moja kwa moja na kula chuma kwa vishimo vishimo. Jengo la bara linapambana na la kwanza, jengo la ufukweni linapambana na yote mawili kwa pamoja.

Halafu kutu ikianza inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, mara mbili, tatu, hata zaidi, na kwa kuwa imebanwa ndani ya zege inafanya kama hamira kwenye unga uliofungiwa kwenye kopo dogo, inasukuma mpaka kitu kipasuke. Unaona ufa unaofuata mstari wa nondo, baadae unaona doa la kahawia, baadae kipande kinadondoka. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli, lakini kwenye zege la nondo karibu na bahari ukiziba ufa peke yake umejidanganya, kwa sababu ufa ule ni taarifa tu kwamba kutu imeshafika, na ukiufunika kwa plasta na rangi kutu inaendelea huko ndani bila wewe kuiona mpaka siku ambayo eneo linalodondoka ni mara tatu ya lile uliloziba.

Embassy Court ilipitia hayo yote. Lakini swali langu siku zote ni hili, kwa nini jengo maarufu, la kitajiri, lililowekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria mwaka 1984 tena kwa daraja la pili kwa juu, la II*, liachwe lifike kule? Jibu liko kwenye namna flati zinavyomilikiwa kule. England ukinunua flati mara nyingi hununui jengo, unanunua haki ya kukaa kwa miaka mingi, tuseme 99 au 125, na ardhi pamoja na jengo zima vinabaki kwa mwenye jengo. Mwenye jengo ndo anatakiwa kukarabati nje, paa, ngazi, lifti, halafu anawatoza wenye flati ile sevisi chaji. Kwenye karatasi ni mpango mzuri tu. Shida inakuja pale mwenye jengo anapokuwa kampuni isiyojali, au inayobadilika mikono kila baada ya muda, au pale wenye flati wanapoanza kusema mbona tunalipa na hatuoni kazi, basi hatulipi, na mwenye jengo anajibu mbona hamlipi, basi sifanyi kazi. Mzunguko huo ukishaanza unaweza kwenda miongo mizima, na kila mwaka unaopita bili inakua, na bili ikikua watu wanazidi kuogopa kulipa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wenye flati wakachoka, wakaunda kampuni yao wenyewe inaitwa Bluestorm na wakauchukua umiliki wa jengo. Mi naona hapo ndo jengo liliokolewa, kabla hata fundi mmoja hajagusa ukuta, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu anayedaiwa kukarabati na watu wanaoumia jengo lisipokarabatiwa wakawa ni watu walewale. Ila haikuwa mteremko. Humohumo ndani kulikuwa na kampuni inayomiliki flati nyingi, na hiyo haikulipa sevisi chaji, hoja yake ikiwa ni kwamba jengo ni bovu, ninyi wenye jengo mmevunja wajibu wa kukarabati, kwa hiyo nami nina madai yangu dhidi yenu. Ukiisikiliza haraka haraka hoja inaonekana ina mashiko, si ndiyo? Nani anataka kulipia huduma ambayo haipo? Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Rufaa, inajulikana kama Bluestorm dhidi ya Portvale, ikaamuliwa mwaka 2004, na mahakama ikaikataa ile hoja. Kiini chake ni kwamba huwezi kuzuia hela ambayo ndiyo ingefanya ukarabati, halafu ukaja kulalamika ukarabati haujafanyika na kutumia malalamiko hayo kama sababu ya kutolipa. Mwenye jengo hapo hakuwa tajiri fulani mwenye akiba ya pembeni, alikuwa ni kampuni ya wenye flati wenzako, hela yake yote ni hiyo sevisi chaji.

Naomba hapa tusipite haraka. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha wenye flati huku kwetu anamjua yule mtu anayesema mi silipi mpaka lifti ipone. Namuelewa, kweli namuelewa, maana amelipa miaka na lifti bado mbovu. Lakini kisa hiki kinaonyesha kwamba baada ya wenye flati kulichukua jengo mikononi mwao hiyo silaha inawageukia wenyewe, na chumvi haijui nani yuko sahihi kwenye kikao.

Baada ya hapo kazi yenyewe ikafanyika, ofisi ya usanifu ya Conran & Partners ikiongoza, na ukarabati mkubwa ulikamilika mwaka 2005 kwa gharama ya karibu pauni milioni 5. Gawa kwa flati 72 unapata wastani wa karibu pauni elfu 70 kila moja, na hiyo ni hela nzito hata kwa mtu wa Brighton, kuna watu ilibidi wakope na kuna wengine ilikuwa kilio. Kazi iligusa zege la nje, madirisha, na mifumo ya ndani iliyokuwa imechoka.

Kazi ya zege ya namna hii inaendaje? Unapanda skafoldi na nyundo ndogo, unagonga kila sehemu ya ukuta na kila chini ya balkoni, futi kwa futi, palipo pazima panalia kavu na palipoachana panatoa mvumo, unazungushia chaki. Unachukua vumbi la zege kwa drili kwenye kina tofauti tofauti kupima chumvi imeingia mpaka wapi. Unavunja kipande kidogo na kupulizia dawa ya fenolftalini, sehemu ambayo bado ina ualikali inageuka waridi na sehemu iliyokwisha inabaki haina rangi, kwa hiyo unaona kwa macho yako mpaka umefika wapi ukilinganisha na nondo. Baada ya hapo ndo unakata, na hapa ndo mafundi wengi wanaharibu, maana haitoshi kukwangua mpaka nondo ionekane, inabidi uende mpaka nyuma ya nondo, uisafishe mzunguko mzima, kama imeliwa sana unaongeza nyingine pembeni yake, unaipaka kinga, halafu unajaza kwa mota maalumu ya kukarabati, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, na kuitunza isikauke haraka. Mwisho unapaka koti linalozuia kabonidayoksaidi kuingia lakini linaloruhusu mvuke kutoka.

Kuna kitu kimoja wenye majengo hawaambiwi kabisa na kinawatia hasara. Ukikarabati kiraka kimoja kwenye zege lenye chumvi nyingi, ile nondo ndani ya kiraka inakuwa salama, ila nondo iliyo pembeni tu ya kiraka, kwenye zege la zamani, inaanza kuliwa kwa kasi kuliko mwanzo, kwa sababu ni mchezo wa umeme kati ya sehemu mbili za chuma kimoja na wewe umebadilisha nani analiwa na nani analindwa. Baada ya miaka michache unaona pete ya nyufa kuzunguka kiraka chako na unamlaumu fundi. Dawa yake ni kufunga vipande vya zinki ndani ya kiraka, zinki inakubali kuliwa badala ya nondo, au kwa jengo lililoathirika sana kuweka mfumo wa umeme mdogo unaopita kwenye nondo zote muda wote kuzuia kutu. Kwa hiyo fundi akikupa bei ya viraka tu kwenye jengo la ufukweni bila kupima chumvi, huyo hajakupa bei ya kazi, amekupa bei ya awamu ya kwanza.

Sasa kuna njia nyingine ambayo Embassy Court hawakuifuata na ndiyo huku kwetu inapendwa kupita zote, nayo ni kulivisha jengo. Unalizungushia fremu za alumini, unapachika paneli, wengi tunaziita Alucobond hata kama ni za kampuni nyingine, na jengo la 1978 linakuwa la kisasa ndani ya miezi michache. Kwa Embassy Court ilikuwa vigumu kwa sababu ya ulinzi wa kisheria, ungefuta sura yote ya zile balkoni. Na sisemi kuvisha ni kosa kila wakati. Ukuta wa nje unaopumua, wenye nafasi ya hewa nyuma yake, unaweza kweli kuzuia mvua na chumvi visigonge zege, na nchi za baridi unaongeza na joto la ndani. Ila masharti ni mawili na yote yanarukwa. Kwanza zege litibiwe kabla halijafunikwa, maana ukifunika zege linalooza umefunika kombe mwanaharamu apite, hutaona ufa wala doa, na vile vishikizo vya paneli umevitoboa kwenye zege lilelile bovu. Vishikizo na skrubu navyo viwe vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la baharini, sio vya kawaida.

Pili ni moto. Grenfell Tower ya London, ghorofa 24, ilivishwa paneli mpya na kazi ikaisha 2016, na usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulioanzia kwenye flati moja ukapanda nje kupitia zile paneli na watu 72 wakafa. Zilikuwa paneli za alumini zenye moyo wa polietilini, yaani plastiki katikati ya bati mbili nyembamba. Mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku vifaa vinavyowaka kwenye kuta za nje za majengo mapya ya makazi yanayozidi mita 18 huko England. Paneli za moyo wa polietilini kwa macho huwezi kuzitofautisha na zile zenye moyo wa madini ukishazipachika, tofauti iko kwenye bei na kwenye karatasi za vipimo, na hapo ndo najua kabisa kwamba kuna watu huku kwetu wanalala nyuma ya zile za bei rahisi bila kujua. Kama jengo lenu limevishwa, ombeni zile karatasi. Kama hazipo, kata kipande kipelekwe kupimwa.

Na ukitaka kujua ugomvi wa nani alipe unaweza kuishia wapi, angalia Champlain Towers South kule Surfside, Florida. Jengo la 1981, ghorofa 12, flati 136, ufukweni kabisa. Mwaka 2018 injinia aliandika kwamba kinga ya maji ya eneo la bwawa la kuogelea imeshindwa, sakafu ile ilijengwa bila mteremko maji yakawa yanatuama, na zege chini yake limeharibika vibaya. Makadirio yalikuwa kama dola milioni 9. Wenye flati wakavutana, bodi ikabadilika, na ilipofika Aprili 2021 hesabu ilikuwa dola milioni 15, kila flati ikitakiwa kutoa kuanzia dola elfu 80 hadi zaidi ya 300,000. Usiku wa tarehe 24 Juni 2021 sehemu kubwa ya jengo ikaanguka, watu 98 wakafa. Siwezi kusema kuta za nje ndizo zilizoliangusha, mambo yalianzia chini na jengo lilikuwa na udhaifu wa tangu lilipochorwa, ila ile miaka ya kuvutana naiona ni ileile ya Brighton. Brighton walipata bahati, muda uliwatosha. Mwaka 2022 Florida wakapitisha sheria ya kukagua majengo yakifika miaka 30 na ya kulazimisha vyama vya wenye flati viweke akiba ya matengenezo makubwa, ikawazuia kupiga kura ya kuiondoa akiba ya vitu vya kimuundo.

Turudi kwetu. Sheria za kuwaweka wenye flati pamoja zipo, Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 na Kenya ina yake ya 2020, zote zinatambua chombo cha wenye flati chenye haki ya kukusanya michango na kudai. Tatizo ninaloliona ni kwamba chombo kinasajiliwa, kinaajiri mlinzi na mtu wa usafi, kinanunua pampu, basi. Mfuko wa nje ya jengo haupo. Na majengo yetu mengi ya ufukweni yana mzigo ambao Embassy Court labda hawakuwa nao, kwamba chumvi nyingine iliingia siku ya kumwaga zege, maana mchanga ulichotwa ufukweni haukuoshwa, au maji yalikuwa ya kisima chenye chumvi. Jengo la namna hiyo linaoza kutoka ndani hata upande ambao upepo wa kusi haufiki, kwa hiyo usishangae ukuta wa ngazi unamomonyoka wakati ule wa bahari bado una nafuu.

Kwa hiyo kama mmekaa kikao na mnataka kuanza, mi ningeshauri hela ya kwanza kabisa isiende kwenye rangi wala paneli, iende kwa injinia asiye na uhusiano wowote na kontrakta, apige nyundo, apime chumvi, apime kina cha nondo, aandike ramani ya jengo zima upande kwa upande. Hapo ndo mnajua kama ni viraka, au zinki, au umeme, au kuna balkoni inabidi ifungwe leo watu wasikae chini yake. Halafu mkataba usiwe wa bei moja ya jumla, kwa sababu hakuna mtu duniani anayejua kiasi halisi cha zege bovu kabla skafoldi haijasimama na nyundo haijapita kila mahali. Wekeni bei kwa kila aina ya ukarabati na kwa kila mita ya mraba, kila kiraka kipimwe na kupigwa picha kabla hakijajazwa, injinia wenu asaini, na muwe na akiba ya pembeni ya kutosha maana kiasi karibu kila mara kinaongezeka ukuta ukishafunguliwa. Kontrakta anayekataa kupimiwa kiraka kikiwa wazi, msimpe kazi.